Daktari Asiyetaja Mahali

Jina lake silitaji, na si kwa heshima. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutotaja vitu, akaishi hivyo miaka yote niliyomjua, kwa hivyo sioni kwa nini mimi nijisumbue kumtaja. Tulimwita Daktari. Hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa kwenye njia inayoshuka kutoka Soko la Toi kuelekea Soweto East, hapo Kibera, kati ya saluni na mashine ya kusaga unga. Ukutani alitundika cheti chenye fremu ya rangi ya dhahabu, juu kabisa karibu na mabati, mahali ambapo hata mtu mrefu hangeweza kusoma kilichoandikwa. Wateja walikitazama wakaridhika. Mimi nilikitazama miaka saba, na mpaka leo sijui kama kilikuwa cha dawa au cha kozi ya udereva.

Meza yangu ilikuwa hatua chache kutoka mlango wake. Mimi ni fundi wa zipu. Watu wananunua suruali za mitumba pale Toi, wanafika nyumbani wanakuta zipu imekufa, wananiletea nawabadilishia wakingoja. Kwa hivyo nilimwona mtu huyu kuanzia anapofungua asubuhi hadi anapofunga jioni, siku sita kwa wiki. Ya saba nilimwona kanisani, maana tulisali pamoja, yeye mbele kwenye viti vya wazee, mimi nyuma karibu na mlango. "Mama Zipu," ndivyo alivyoniita, kwa sauti ya mtu anayekupa zawadi.

Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mfukoni kalamu tatu: buluu, nyeusi na nyekundu, na hiyo nyekundu sikuwahi kuiona ikiandika. Alinawa mikono kabla ya kukuhudumia, sawa, hilo ni jambo jema. Lakini alinawa tena baada ya kukuhudumia, ukiwa bado umesimama pale, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka ukajiuliza umemwachia nini. Alipenda maneno makubwa. Kwake kichwa hakikuwa kinauma, kilikuwa na tatizo la mishipa. Mafua yalikuwa maambukizi ya njia ya juu ya hewa. Na sauti aliyokuwa nayo ilifaa kuita watu mkutanoni. Fundi mmoja wa mbao, mtu mzima na heshima zake, alimwendea siku moja akavua kofia nusu, kimyakimya, amwonyeshe kitu kichwani. Daktari akainama, akachungulia, akatangaza mtaa mzima usikie: "Hiyo ni choa ya kichwa. Unalalia mto wa nani?" Saluni nzima ilicheka. Yule fundi alianza kupitia nyuma ya mashine ya unga kwenda kazini.

Hapo ni kiunoni kwenda juu. Ukishuka chini ya kitovu, sauti ilimkauka.

Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa mwili wa binadamu namna ile, na huo mwili ndio uliokuwa unamlisha. Mwanamke akimweleza ana muwasho, Daktari alikohoa. Mwanamume akimweleza ana bawasiri, Daktari alikohoa, akainua macho kwenye cheti chake. Sehemu zote hizo aliziita "kule." Kule kunawasha, kule kunavimba, kule kunatoka damu. Kulikuwa na kule kwingi sana Kibera, na kila mmoja ilibidi ajue mwenyewe kule kwake ni kupi.

Sasa, kuna dawa ambazo hazimezwi. Zinaingizwa, nyingine ukeni, nyingine njia ya haja kubwa, na ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kuna zile za nta zenye umbo la risasi, kuna geli zinazokuja na kibomba chake cha plastiki. Waliozitengeneza walifikiria. Ile nta inayeyuka kwa joto la mwili, geli inanata mahali inapotakiwa na kuachia dawa kidogo kidogo, tumbo halisumbuliwi. Haya niliyajua baadaye, kutoka kwa mtu asiyeogopa kuyasema. Na kila boksi lina karatasi ndani, imekunjwa mara nyingi, yenye mchoro: mtu amelala ubavu, goti limekunjwa, mshale unaonyesha. Hata asiyejua kusoma anaelewa mshale.

Daktari alizichomoa hizo karatasi. Boksi jipya likifika, alikaa nyuma ya kaunta akalifungua, akatoa karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaiweka kando, akalifunga boksi tena vizuri usijue limeguswa. Nilimuuliza kwa nini.

"Hizi michoro si za kuonekana na watoto, Mama Zipu," akasema. "Mtu anapeleka nyumbani, nyumba ni chumba kimoja, mtoto anafungua. Anaona nini?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Nalikiri hilo mapema nisije nikaonekana nilikuwa mwerevu tangu mwanzo. Nilimwona mtu safi, mwenye maadili, na nilifurahi kuwa jirani yake.

Baada ya kuchomoa karatasi alitia dawa kwenye bahasha ya kaki, akaandika juu yake "1 x 1 usiku", akapiga pini mbili za stepla, akakusukumia kwenye kaunta bila kukutazama. Hayo ndiyo aliyoyaita maagizo. Kulikuwa na askari wa geti pale Nyayo Highrise, mzee mpole anayesumbuliwa na bawasiri, ambaye alirudi baada ya siku tatu. Nilikuwa nimeshika zipu ya mteja na nilimsikia vizuri.

"Daktari, hii dawa yako ni ngumu," alisema. "Nikiitafuna inashikana kwa meno kama mshumaa. Lakini najikaza."

Wewe ungefanya nini hapo? Mtu amekuletea kosa lako mlangoni, kwa adabu, na kofia yake mkononi. Daktari alikohoa. Akapanga chupa mbili ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Akamwambia, "Endelea na maagizo, mzee." Na yule mzee akaenda akaendelea, akazitafuna zote zilizobaki. Nilicheka siku hiyo nilipomsimulia mume wangu. Ilikuwa hadithi nzuri, bado haijanihusu.

Joto nalo lilimfichua. Mabati ya pale yakipata jua la saa saba, ndani ni tanuri, na zile risasi za nta zilikuwa zinalegea ndani ya maboksi. Akamwomba mwenye saluni amwekee katoni kwenye friji lake la soda, akimwambia ni vifaa. Mwanamke wa watu akafungua siku moja akitafuta nafasi.

"Daktari," akamwita kutoka mlangoni, "umeniwekea dawa za makalio na soda za wateja wangu?"

Angeweza kumwambia zimefungwa, ni safi, hazigusani na chochote. Badala yake alibeba katoni lake akarudi nalo, akaliweka rafu ya juu chini ya cheti, na tangu hapo dawa zake ziliyeyuka mchana na kuganda tena jioni zikiwa zimepinda. Aliendelea kuziuza hivyo. Bora zipinde kuliko yeye kuzungumza kuhusu makalio mbele ya saluni.

Nitasema mazuri yake pia, kwa sababu yapo na yananiudhi. Hakuuza dawa iliyopitwa na wakati, hata siku moja. Kuna mama alishikwa na uchungu wa kujifungua njiani mvua ikinyesha, Daktari akafunga duka, akamfunika kwa lile koti lake jeupe, akatembea naye mpaka barabarani kutafuta gari, koti likarudi limeharibika na hakulalamika. Alilia kwenye mazishi, machozi ya kweli. Na Jumapili, akipewa mimbari, mtu huyu aliyeshindwa kumwambia askari neno moja alisema saa nzima bila kumeza mate. Alisoma mahubiri yake kwenye vikaratasi vyembamba vyenye alama za mikunjo mingi, akivigeuza kimoja kimoja. Nilikuwa nikivitazama kutoka nyuma nikidhani ni uchumi wa mtu asiyetaka kununua daftari.

Sasa yangu.

Mume wangu ni fundi wa mjengo, alijenga kwenye zile nyumba za ghorofa za Soweto East. Tulikuwa tumeoana miaka mitano na nilikuwa nimepoteza mimba mbili, zote mwezi wa nne. Ya tatu iliposhika nilikimbia kliniki mapema. Daktari wa pale, daktari wa kweli, aliniandikia dawa ya kushikilia mimba. Kliniki yenyewe haikuwa nayo. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, akaniambia, "Nunua nje. Wa kemisti atakueleza vile unatumia." Nikashuka nayo mpaka kwa jirani yangu, nimeikunja karatasi ndani ya kiganja.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, duka limejaa. Nyuma yangu kulikuwa na wanaume wanne. Daktari alisoma, akakohoa, na hapo ningepaswa kujua. Akaleta boksi, akatia kwenye bahasha, akaandika, akapiga pini.

"Hii ni ya kumeza, Daktari?" nikamuuliza.

"Moja usiku."

"Usiku nimeelewa. Nauliza naitumia aje."

Macho yake yalikwenda kwa wale wanaume, yakaenda kwenye cheti, yakarudi kwenye kaunta. "Fuata maagizo, Mama Zipu," akasema. "Next."

Nikatoka. Mtu akikwambia fuata maagizo kwa uhakika namna ile, unaona aibu kuuliza mara ya tatu. Nyumbani nikafungua: vitu vyeupe vya nta, vyenye ncha, kila kimoja kwenye plastiki yake. Dawa yoyote niliyowahi kupewa maishani nilikuwa nimeimeza. Nikaimeza hii pia, kwa uji wa vuguvugu. Ilikwama kooni, ikaacha mafuta mdomoni, nikatapika kidogo nikaimeza tena. Mume wangu alinishikia kikombe. Kila usiku alinishikia kikombe, na tulikuwa tunaambiana dawa mbaya mdomoni ndiyo inayofanya kazi. Nilifanya hivyo usiku kumi na mbili. Asubuhi ya kumi na tatu niliona damu.

Kliniki nilimkuta nesi mmoja mnene, mtaratibu, anayevaa viatu vya raba. Aliniuliza dawa nilikuwa naiweka saa ngapi.

"Kuiweka?" nikamuuliza.

Akasimama, akafunga mlango, akarudi akakaa karibu nami. "Mama, hii ni ya kuweka ukeni," akasema. "Unalala chali, unakunja magoti, unaisukuma ndani na kidole. Hakuna mtu alikuambia?"

Aliyasema hayo kama mtu anayekueleza pa kushukia. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kupiga pini mbili za stepla. Nikamuuliza kama ningeiweka vile mimba ingeshika. Akanitazama machoni. "Hilo hakuna mtu anaweza kukuambia," akasema. "Pengine ingeshika, pengine haingeshika."

Hiyo pengine ndiyo aliyoniachia Daktari. Ningekuwa nimetumia dawa sawasawa na bado nikapoteza, ningelia nikamaliza. Sikumaliza. Na sikushika mimba tena.

Nilipopata nguvu za kutembea nilimwendea dukani. Nilimwambia mbele ya wateja, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba nilimeza dawa ya kuweka ukeni kwa sababu nilimuuliza akakataa kunijibu. Unajua alifanya nini? Alinawa mikono. Halafu akasema, "Pole, mama. Hayo tuyaachie Mungu," na jioni akaja nyumbani na wazee wenzake wawili, wakanywa chai, akaniombea kwa muda mrefu na machozi yakimtiririka. Mume wangu alimshukuru. Nilikaa pale nikimtazama anavyofuta miwani, nikamchukia kwa moyo wote, na sijawahi kuona haya kwa chuki hiyo.

Siku ya Akina Mama mwaka huo alipewa mimbari. Alihubiri kuhusu tumbo la mwanamke, neno tumbo alikuwa analiweza, lina heshima. Mwisho akaomba dada wasiojaliwa watoto wasimame waombewe. Walisimama watatu. Mimi nilibaki nimekaa, na nilimwona akinitafuta kwa macho kutoka mbele, anageuza kikaratasi chake, ananitafuta tena. Sikusimama.

Kuanzia hapo nilianza tabia yangu mpya. Mtu akitoka pale na bahasha ya kaki, nilimwita. "Hebu lete nione. Umeambiwa inaenda wapi?" Kama ni ya kumeza nilimwacha aende. Kama si ya kumeza nilimwambia inaenda wapi, kwa jina, na namna ya kulala. Neno uke liko kwenye vitabu vya shule, halijaua mtu. Wengine walicheka wakafunika uso kwa leso, wengine walisema nina mdomo mchafu, lakini walirudi na wakaleta dada zao. Msichana wa saluni alikuja kwangu analia kwa hasira. Alikuwa amemuuliza Daktari kuhusu ile pete ya kuzuia virusi vya ukimwi, naye akamjibu, wateja wakisikia, "Pete zinauzwa kwa sonara." Eti utani. Nilimpeleka kwa yule nesi wa raba. Nesi akatuonyesha: pete ya silikoni, laini, unaikunja kwa vidole viwili ikawa kama namba nane, inakaa ukeni mwezi mzima ikiachia dawa kidogo kidogo, na mwenye kuivaa haisikii. Msichana aliigeuza mkononi akasema, "Sasa hii ndio alishindwa kuniambia?" Nesi akanialika niwe nakuja kusaidia kueleza akina mama siku za Alhamisi. Naenda mpaka leo.

Wazee wa kanisa waliniita. Walitaka nichunge ulimi, maana sokoni wanapita watoto wa watu. Daktari alikuwa kwenye kikao, amekaa mwisho wa meza, anatazama mbao. Nikamwomba aseme mbele yao kile nilichomuuliza siku ile dukani. Akakohoa. Nilihama kanisa.

Baadaye njia ikapanuliwa, vibanda vikavunjwa, Daktari akahamia Kawangware. Mimi nilisogeza meza ndani zaidi sokoni. Miaka ikapita, na sikumuulizia.

Mwezi uliopita binti yake akaja Toi. Ni mwalimu wa chekechea sasa, mama wa watoto wawili. Nilipomjua alikuwa amevaa sare ya shule. Alisimama mbele ya meza yangu bila suruali yoyote mkononi.

"Auntie, mzee ni mgonjwa," akasema. "Koo imefunga, hata maji haishuki. Nesi anakujanga mara moja kwa wiki, ametuachia dawa ya uchungu, zile za kuweka nyuma. Mzee anasema ataweka mwenyewe. Halafu asubuhi naipata kwa mfuko ya pajama imeyeyuka."

"Na wewe?"

"Ni babangu, auntie. Kwetu hiyo haiwezekani. Na maboyi, ndugu zangu, wamekataa." Akashusha sauti. "Anaumia vibaya. Watu wanasema wewe huogopi."

Nilikubali haraka, na nisijisifu. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kumwona.

Ilikuwa alasiri, jua limewaka juu ya mabati. Alikuwa amelala amepungua mpaka kitanda kikaonekana kikubwa. Koti jeupe lilining'inia kwenye msumari ukutani, limepigwa pasi. Aliniona, akanijua, akafumba macho. Paji la uso lilikuwa limekunjwa na maumivu na meno yamebana shuka. Dawa zilikuwa kwenye beseni la maji ili zisilegee, tano zimebaki, za siku tano mpaka nesi arudi. Niliangalia boksi nisome vipimo. Ndani hamkuwa na karatasi.

"Iko wapi?"

"Aliitoa," binti akasema. "Hata na hiyo ugonjwa. Huwa anaandikanga mahubiri nyuma yake. Ako na katoni mzima hapo chini." Kisha akatoka nje kuosha vyombo, kwa sababu hakutaka kuwepo.

Nilivuta katoni kutoka uvunguni. Zilikuwa zote humo, miaka yote, zimenyooshwa kwa kiganja na kufungwa kwa mpira mafungu mafungu. Upande mmoja mchoro na mshale, upande wa pili maandishi yake, kwa wino mwekundu. Ndipo nilipojua kazi ya ile kalamu. Nilipekua kama mtu anayetafuta zipu ya rangi fulani, na niliipata: Siku ya Akina Mama. Chini ya mahubiri alikuwa ameandika "Wa kuombewa", majina matatu, na la nne, limepigiwa mstari, "Mama Zipu, tumbo." Nikaigeuza. Ilikuwa karatasi ya dawa yangu ile ile. Mwanamke amelala chali, magoti amekunja, na mshale.

Nilikaa sakafuni. Alipofungua macho nilimwonyesha pande zote mbili.

"Ulikuwa nayo," nikamwambia. "Mbona hukuniambia?"

Ilimchukua muda kupata sauti, na ilikuwa ya mluzi. "Kulikuwa na wanaume kwa laini."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemwandalia majibu. Kwamba alichoka siku ile. Kwamba hakujua. Kwamba alidhani najua. Kumbe wanaume wanne kwenye foleni, mmoja wao akinunua dawa ya kikohozi.

Nilivaa glavu. Nikatoa moja kwenye beseni, nikachana plastiki yake. "Leo hakuna laini," nikamwambia. "Ni mimi na wewe. Sema inaenda wapi, niweke."

Alitazama koti lake ukutani. Nikangoja. Dawa ilianza kung'aa pembeni, halafu nikaisikia ikilegea katikati ya vidole. Midomo yake ilitikisika, na machozi yakamtoka, yale machozi yake mepesi, na sikuyajali. Nilitaka aseme. Nakwambia ukweli, nilitaka aseme kuliko nilivyotaka apate nafuu. Dawa ikapinda, ikaanguka nusu, iliyobaki ikateremka kwenye mkono wangu kama mafuta ya kupikia. Mtu anaumia mpaka anatafuna shuka, na bado hakusema.

Zilikuwa tano, zikawa nne, na siku ni tano. Niliona aibu, nikamchukia zaidi kwa kunifanya nione aibu.

Nikachukua ya pili. "Mzee," nikasema, kwa sauti ya kufika nje, "hii inaingia njia ya haja kubwa. Lala ubavu wa kushoto. Kunja goti la juu. Itayeyuka yenyewe na uchungu utapungua." Nje vyombo vilinyamaza. Alijigeuza ukutani polepole, akakunja goti, akalala vile vile kama kwenye mchoro, bila kuonyeshwa. Nilifanya kazi yangu. Ilichukua muda mfupi kuliko kubandua zipu.

Nilibaki mpaka paji la uso likakunjuka na pumzi ikatulia. Binti aliingia akifuta mikono, akauliza amesema nini. Nikamwambia hajasema kitu. Nikamwonyesha mchoro wa kwenye katoni, nikamwambia awafundishe ndugu zake jioni hiyo hiyo, na kwamba dawa moja imeharibika mikononi mwangu, amwambie nesi ni mimi.

Karatasi yangu nilitoka nayo. Iko mezani kwangu Toi, chini ya kipande cha kioo, upande wa picha juu, na wanaume wanaongoja zipu zao wanaiona.